Mwarabu akiwa jikoni kwake

Mama wa Kipalestina amesimama mbele ya dirisha la uhamiaji katika uwanja wa ndege nchini Marekani. Mwanawe wa kiume yuko ubavuni, safari ndefu imewachosha wote wawili. Afisa anamuuliza kazi yake. Neno analolitumia afisa lina maana mbili katika Kiingereza: shughuli inayompa mtu riziki, na pia hali ya nchi kukaliwa na jeshi la wengine. Mama amelisikia kwa maana ya pili. Anajibu kwa heshima zote kwamba ndiyo, imekaliwa, tena kwa miaka mingi.

Nilicheka, kisha nikasimamisha picha na kuirudia. Afisa hakukosea, na mama hakukosea. Afisa ana fomu ya kujaza, na mama ana maisha ambayo fomu ile haikuyawekea mstari.

Filamu hiyo ni Amreeka ya mwaka 2009, iliyoandikwa na kuongozwa na Cherien Dabis, mzaliwa wa Omaha jimboni Nebraska, baba yake Mpalestina na mama yake Mjordani. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance mwezi Januari mwaka huo, na miezi michache baadaye ikapata tuzo ya wahakiki huko Cannes. Anayesimuliwa ni Muna, mfanyakazi wa benki aliyeachika, ambaye kila siku anavuka vizuizi vya wanajeshi kwenda kazini na kurudi. Anapata kibali cha ukazi wa Marekani, anafunga safari na mwanawe Fadi hadi Illinois kwa dada yake Raghda, na wanafika wakati Marekani imeingia vitani Iraki. Pesa zote za akiba alizificha ndani ya bati la biskuti. Watu wa forodha wakalichukua bati, maana chakula hakiruhusiwi kuingizwa.

Ni kisa kidogo, na udogo wake ndio ninaotaka kuuelezea hapa. Watu wengi wakisikia kuna filamu zinazosimulia familia za wahamiaji wa Kiarabu, hudhani kazi yake ni kujibu matusi: Hollywood ilituonyesha Mwarabu gaidi, sasa tuonyeshwe Mwarabu mwema. Matusi yenyewe yapo, hilo halina ubishi. Jack Shaheen, profesa aliyekulia Pennsylvania katika familia yenye asili ya Lebanoni, alichapisha mwaka 2001 matokeo ya kupitia filamu zaidi ya 900 za Hollywood, na zile zilizomwonyesha Mwarabu kama binadamu wa kawaida zilikuwa za kuhesabu. Wengine wote walikuwa wauaji, mashehe wa mafuta wenye uchu, au wacheza dansi jangwani. Lakini filamu huru zilizo bora hazikushika njia ya Mwarabu mwema. Zilichukua kamera zikaingia nayo jikoni, zikakaa humo muda mrefu kuliko mtazamaji alivyozoea.

Kabla ya jikoni, tusafishe njia kidogo. Mwarabu yupi?

Mwaka 1915 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikuwa na kesi ya George Dow, Msyria aliyeishi South Carolina. Sheria ya wakati ule iliruhusu uraia kwa watu weupe huru na kwa watu wenye asili ya Afrika. Dow alikuwa amekataliwa, na swali mbele ya majaji lilikuwa kama Msyria ni mtu mweupe. Wakakubali kwamba ni mweupe. Tangu hapo, kwenye makaratasi ya serikali, mtu wa Beirut, wa Kairo na wa Bethlehemu alihesabiwa fungu moja na mtu wa Dublin. Ilipofika Machi 2024 ndipo serikali ya Marekani ikatangaza kisanduku cha peke yake cha watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini.

Kwa zaidi ya karne moja, basi, mtoto kama Fadi alikuwa mweupe kwenye fomu ya shule na gaidi kwenye korido ya shule hiyohiyo. Juu ya hapo, familia ya Muna si Waislamu, ni Wakristo wa Bethlehemu. Mtazamaji wa kwetu huenda akashtuka, lakini historia haishtuki: wimbi la kwanza la Waarabu waliohamia Marekani, kuanzia miaka ya 1880 hadi sheria kali ya 1924, wengi wao walikuwa Wakristo wa Mlima Lebanoni na Syria waliotembeza bidhaa mabegani, kijiji hadi kijiji. Filamu haiusimamishi ulimwengu kutufundisha jambo hilo. Inalitaja na kupita, kama watu wanavyotaja mambo yao wenyewe.

Ufaransa mkanganyiko ni wa aina nyingine. Wahamiaji wengi kutoka Aljeria na Moroko ni Waamazighi, watu wa Kabylia au wa Souss, ambao nyumbani hawajioni kuwa Waarabu hata kidogo, ila wakishuka Marseille huitwa Waarabu wote kwa jumla. Watoto wao wakajitengenezea jina: walichukua neno la Kifaransa la Mwarabu, wakaligeuza silabi kama vijana wa mitaani wanavyogeuza maneno, likawa «beur». Tusi likaozeshwa, likazaa jina la ukoo.

Sisi watu wa pwani tulipaswa kuwa wepesi kulielewa hili. Kiswahili cha wazee hakikutosheka na neno Mwarabu. Kilikuwa na Mmanga wa Omani, kikawa na Mshihiri wa Hadhramauti, na kila mmoja alijulikana kwa lafudhi, kwa duka, kwa namna ya kufunga kilemba, na kwa kejeli zake maalumu. Na hadi leo Maskati kuna familia zilizotoka Unguja baada ya 1964, zinazosema Kiswahili sebuleni: Unguja waliitwa Waarabu, na walipofika Omani wakaitwa Wazinjibari. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini fomu ya Muna haijazwi.

Turudi kwenye kamera. Neno huru katika filamu huru lina hila yake. Maana yake ya kikazi ni kwamba filamu haikutengenezwa na studio kubwa za Hollywood. Haina maana kwamba mtengenezaji hana wa kumwomba. Anawaomba wengi, kidogokidogo, na kila mmoja ana sharti lake. Ile Illinois unayoiona kwenye Amreeka kwa sehemu kubwa ni Winnipeg, jimboni Manitoba, Kanada. Kanada ina utaratibu wa kuwarudishia watayarishaji sehemu ya fedha wanazowalipa wafanyakazi wa huko, kwa hiyo filamu nyingi zenye bajeti nyembamba hukimbilia huko. Familia ya Kipalestina, katika mji wa Marekani, ndani ya theluji ya Kanada. Wahamiaji wamehamishwa tena ili hesabu zikae sawa.

Ufaransa mambo yalikuwa mepesi zaidi, ndiyo maana sinema ya watoto wa wahamiaji ilikomaa huko mapema. Tangu 1959 serikali ina mfuko unaompa mwongozaji mkopo wa kuanzia, unaorudishwa filamu ikiingiza fedha. Na kulikuwa na watu wa kushika mkono. Mehdi Charef, mtoto wa kibarua wa barabara kutoka Aljeria, alifanya kazi kiwandani miaka mingi akinoa vyuma, huku akiandika. Riwaya yake ilipotoka mwaka 1983, mwongozaji mashuhuri Costa-Gavras akamhimiza aigeuze filamu na kuiongoza mwenyewe, na filamu ikatoka 1985. Mwaka uleule wa riwaya, vijana wa aina yake walitembea kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris, Oktoba hadi Desemba, wakidai usawa. Kwa hiyo filamu hizi hazikuangukia mahali patupu, watu walikuwa tayari barabarani.

Uhaba wa fedha ndio uliozielekeza filamu hizi nyumbani. Huna fedha za kufunga barabara wala za kukodi umati. Una nini? Una nyumba ya shangazi yako, gari la kaka yako, duka la rafiki wa baba. Mwongozaji masikini anaandika kisa kinachoenea kwenye vitu hivyo. Kwa Waarabu waliochorwa miaka yote kwenye jangwa na uwanja wa vita, kuonekana ghafla kwenye kochi lenye mfuniko wa plastiki lilikuwa jambo jipya kabisa.

Mfano ninaoupenda ni Detroit Unleaded ya Rola Nashef, ya mwaka 2012. Nashef alizaliwa Lebanoni akakulia Michigan, na filamu ilianza kama filamu fupi ya jina hilohilo. Iko karibu yote ndani ya sheli, kituo cha mafuta kinachofunguliwa saa 24 mjini Detroit. Baba wa familia aliuawa humo katika tukio la wizi. Kijana wake Sami, aliyekuwa na mipango ya kwenda kusoma, anaikalia biashara pamoja na binamu yake. Baada ya kifo cha baba walijenga ukuta wa kioo kisichopenywa na risasi, na Sami anaishi nyuma yake kama samaki. Wateja wanapitisha noti kwenye kitundu, naye anasukuma sigara, betri na chenji.

Siku moja anaingia msichana, Najlah, anayeleta vocha za simu. Kaka yake ana duka la simu na hataki kusikia dada yake anaonekana na kijana. Penzi linaanza likiwa na kioo katikati. Nashef hakukilazimisha kioo hicho kisimame badala ya mila, wala badala ya ubaguzi. Ni kioo, kiliwekwa kwa sababu baba alipigwa risasi. Lakini mtazamaji hawezi kukisahau, na kila Sami anapofungua ule mlango mdogo wa pembeni ili msichana aingie upande wake, unahisi ametoa kitu kikubwa kuliko ua.

Familia za Kiarabu na maduka ya mafuta mjini Detroit si jambo la kutunga. Eneo hilo limepokea Walebanoni, Wairaki, Wayemeni na Wapalestina kwa zaidi ya miaka 100, tangu viwanda vya magari vilipokuwa vikitafuta mikono. Jirani na Detroit kuna Dearborn, mji ambao zaidi ya nusu ya wakazi wana asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini, na ndiko liliko jumba la makumbusho la Wamarekani Waarabu lililofunguliwa 2005. Wateja wa sheli ya Sami wengi ni Weusi wa Detroit. Filamu inaonyesha uhusiano huo ulivyo, maana kuna utani, kuna mazoea, kuna kuaminiana kwa deni la dola mbili, na bado kioo kipo. Ni mojawapo ya filamu chache zilizothubutu kuonyesha Mwarabu mhamiaji akiwa na kinga dhidi ya mtu aliye chini zaidi yake, bila kumsafisha na bila kumlaani.

Sasa lugha, ambayo kwangu ndiyo moyo wa jambo zima. Ukitaka kujua filamu ya wahamiaji imetengenezwa na mtu anayejua au na mgeni, usitazame mavazi. Sikiliza nani anamsemesha nani kwa lugha gani. Filamu za wageni hufanya familia nzima izungumze Kiingereza chenye lafudhi nzito, hata usiku chumbani, mume na mke peke yao. Hakuna nyumba ya hivyo duniani.

Le Grand Voyage ya Ismaël Ferroukhi, ya 2004, imejengwa yote juu ya jambo hili. Mzee wa Kimoroko anayeishi kusini mwa Ufaransa anataka kwenda kuhiji, na anataka kwenda kwa gari, takriban kilomita 5,000. Anayepaswa kuendesha ni mwanawe mdogo Réda, aliye karibu na mtihani, mwenye mpenzi Mfaransa ambaye baba hamjui. Ndani ya gari baba anasema Kiarabu cha kwao, mtoto anajibu Kifaransa. Hakuna anayetafsiri, kwa sababu wote wawili wanaelewa. Wanaelewana maneno yote, na hawaelewani chochote. Njiani, mzee anaichukua simu ya kijana aliyelala na kuitupa kwenye pipa la takataka. Kijana anapomuuliza kwa nini asingepanda ndege, mzee anamjibu kwamba kwenda kwa miguu ni bora kuliko kwa farasi, farasi bora kuliko gari, gari bora kuliko meli, meli bora kuliko ndege. Na kwamba maji ya bahari hupoteza uchungu yakipanda kwenda mawinguni. Ni jibu ambalo ningelitarajia kutoka kwa mzee yeyote wa Lamu.

Filamu iliruhusiwa kupiga picha Makka wakati wa hija, jambo ambalo filamu chache sana za kubuni zimewahi kulipata. Lakini kilichobaki kichwani mwangu ni ukimya wa ndani ya gari, si Makka.

Kuna upande wa pili wa lugha ambao watoto wa wahamiaji wote wanaujua: mtoto kuwa mdomo wa mzazi. Katika La Graine et le mulet, filamu ya 2007 ya Abdellatif Kechiche, Slimane ni mfanyakazi wa karakana ya meli katika bandari ya Sète. Ana miaka karibu 60, na baada ya miaka 35 ya kazi wanamwambia hatakiwi tena kwa saa zilezile. Anapata wazo la kununua meli kuukuu na kuifanya mkahawa wa kuskusi ya samaki, kile chakula cha Afrika Kaskazini cha punje za ngano. Anaingia benki, anaingia ofisi ya mji, anaingia ofisi ya afya, na anayezungumza ni Rym, binti wa mwanamke anayeishi naye. Binti anaeleza bajeti, anatabasamu, anafungua faili. Mzee amekaa kando na suti yake, mikono kwenye magoti. Hadhi yake yote imepanguswa kwa upole na msichana anayempenda kama baba. Kechiche hasemi lolote, anaiacha kamera usoni mwa mzee hadi mtu unataka kugeuka pembeni.

Aliyeigiza Slimane, Habib Boufares, hakuwa mwigizaji wa kazi, na inaonekana, kwa maana nzuri. Anatembea kama mtu ambaye mgongo wake umebeba vyuma kweli. Filamu ina dakika 151. Mlo mmoja wa Jumapili umepewa muda ambao filamu ya kawaida ingeupa vita: midomo inatafuna, vidole vina mafuta, watu wanabishana kuhusu bei ya nepi za watoto, mkwe Mfaransa anajaribu kutamka maneno ya Kiarabu na kuchekwa. Aliyepika ni Souad, mke wa zamani wa Slimane. Slimane mwenyewe hayupo mezani, ni mtalaka, kwa hiyo wanawe wanamchukulia sahani yake hotelini anakoishi. Kuskusi ileile inazunguka mji mzima ikifuata mipaka ya familia iliyovunjika. Mwaka 2008 filamu ilibeba tuzo nne za César, tuzo kuu za sinema za Ufaransa, pamoja na ile ya filamu bora, na nadhani mlo ule peke yake ulistahili mbili.

Sasa tufike kwenye fundo gumu, ambalo waandishi wengi huliruka: aibu.

Familia nyingi hazitaki filamu hizi. Si kwa sababu ya dini, au si hiyo tu. Ni kwa sababu ya sitara. Watu wako ugenini, wanatazamwa vibaya tayari, halafu mtoto wao wenyewe anachukua kamera na kuonyesha mama mkwe anavyomnyanyasa mkewe mwana, au kijana mwenye ndoa anavyozini. Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mwongozaji ni mwosha aliyefungua mlango akaita majirani.

Yamina Benguigui alifungua mlango huo mwaka 2001 kwa Inch'Allah Dimanche. Ni kisa cha Zouina, anayetoka Aljeria mwaka 1974 na watoto watatu na mama mkwe, kumfuata mume aliyekuwa Ufaransa kwa miaka kumi. Mwaka huo Ufaransa ilikuwa imefunga mlango wa vibarua wapya, na waliokuwepo wakaanza kuleta familia. Wanaume waliokuja kwa mkataba wa kazi na kitanda kimoja bwenini ghafla wakawa na nyumba, wake wasiowajua vizuri na watoto waliowaacha wachanga. Zouina anapigwa, anafungiwa. Jumapili, mume na mama mkwe wakitoka, anawavalisha watoto na kutoroka nao mjini Saint-Quentin, akitafuta familia nyingine ya Kialjeria aliyosikia ipo. Anazunguka, anapotea. Anapoipata, mwenye nyumba ni mwanamke kama yeye, wa nchi moja, wa lugha moja. Wanaandaliana chai. Kisha yule mwanamke anatambua kwamba mgeni wake ametoka bila idhini ya mumewe, anaingiwa na hofu na kumtoa nje. Zouina anabaki akiugonga mlango na kulia.

Hapo nilielewa kwa nini wengine walichukia. Mfaransa mbaguzi akikufungia mlango, utapata wa kukuhurumia. Mwenzako akikufungia, habari hiyo huipeleki popote. Lakini Benguigui ni mtoto wa wahamiaji wa Kialjeria, na kabla ya filamu hiyo alikuwa ametengeneza filamu ya hali halisi iliyowapa wazazi wa kizazi hicho nafasi ya kuongea wenyewe. Aliwasikiliza kwanza, ndipo akabuni. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kati ya anayetoboa siri na anayeisimulia: aliyeisimulia anakuonyesha pia hofu ya yule anayefunga mlango.

Hata hivyo wenye wasiwasi wana hoja. Filamu huru huishi kwa matamasha na mifuko, na mifuko hiyo ina ladha. Kwa miaka mingi kisa cha binti anayekandamizwa na baba yake Mwarabu kilipata fedha upesi kuliko kisa cha binti anayebishana na baba yake kuhusu bei ya gari. Kijana anayevutwa na itikadi kali hupata nafasi, na kijana anayefeli hesabu hapati. Tangu Doha ilipoanzisha taasisi yake ya filamu mwaka 2010, na Saudia ikafuata na mfuko wa Bahari ya Shamu, fedha za Kiarabu zimeongezeka, nazo zina ladha yake na mambo yasiyogusika. Mwongozaji mhamiaji amekaa kati ya meza mbili, na kila meza inataka asimulie nusu.

Nami nikisema kweli, filamu ninazozisifu hazijaponyoka zote. Amreeka ina mwalimu mkuu wa shule, Myahudi mpole, anayempa Muna lifti na kumsikiliza, na urafiki wao umekaa kama umepimwa kwa rula ili asiwepo wa kulalamika. Ninachoisamehea ni kwa sababu ya jambo jingine kabisa: Muna, mtu wa benki, amekosa kazi ya benki na anauza baga. Kila asubuhi anashuka kwenye gari mbele ya benki jirani, anasubiri dada yake aondoke, kisha anavuka kwenda kuvaa kofia ya mgahawa. Shemeji yake Nabeel, ambaye ni daktari, anapoteza wagonjwa kwa sababu ya jina lake, naye anaficha ukubwa wa deni la nyumba. Nyumba nzima inafichana kwa mapenzi. Dabis alikuwa na mahali pa kulitoa hilo: baba yake mwenyewe alikuwa daktari katika mji mdogo wa Ohio, na wakati wa vita vya Ghuba vya 1991 wagonjwa walimkimbia. Kitu kama hicho hakisomwi kwenye takwimu. Kinajulikana kwa mtoto aliyeona mzazi anarudi nyumbani mapema mno.

Niliitazama ile ya kuskusi pamoja na shangazi yangu, mtu wa miaka sabini na ushei, kwenye kompyuta iliyosimamishwa juu ya meza ya kulia. Kifaransa hajui, na maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nikimtafsiria, hadi akaniambia ninyamaze, anaona.

Anayeijua filamu anajua mwisho wake. Usiku wa uzinduzi, meli imejaa wakubwa wa mji. Wamekuja wa benki, wa ofisi ya mji, wote walewale waliokuwa wakizungusha faili. Kuskusi imepikwa kwa Souad na kuletwa, ila sufuria imebaki kwenye buti ya gari la Majid, mwana wa Slimane, na Majid amemwona mwanamke wake wa siri kati ya wageni, akaingia garini akatokomea. Wageni wanangoja. Wanaongezewa divai. Rym anaamua kucheza mbele yao, tumbo likitikisika, jasho likimtoka, ili kuwashikilia wasiondoke. Slimane amepanda pikipiki yake ndogo kumfuata Souad, hakumkuta, na vijana wa mtaani wameiiba pikipiki. Anaikimbiza akizunguka majengo, mzee wa watu, na wale vijana wanapunguza mwendo akikaribia, kisha wanakwenda tena.

«Na huyo mama yuko wapi?» shangazi akauliza. «Mwenye kupika.»

Nikamkumbusha. Kabla sufuria haijaondoka, Souad alitenga sahani moja, akaifunika, akatoka nayo kwenda kumtafuta masikini wa kumpa, kama alivyozoea. Ndiyo maana hakuwa nyumbani.

Shangazi akafikiri kidogo, macho kwenye kioo, Slimane bado anakimbia.

«Basi mmoja kala,» akasema, na akaniambia niongeze sauti.